Tumbo Linalochafuka Mara kwa Mara: Nyuzinyuzi na Dawa za Gesi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Afya Yetu

Kwa mwalimu wa darasa: Somo hili lina sehemu sita. Kila sehemu ikiisha, mwanafunzi mmoja aisome tena kwa sauti, kisha wengine waulize. Kwa sehemu ya nne tayarisheni bilauri mbili za maji, kijiko cha pumba za ngano, na bamia mbili. Maswali yako mwisho.

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri na kila mmoja ana karatasi yake na kalamu yake. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja mbele ya wenzao, nalo ni tumbo na choo. Tafadhali msione haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Basi tutataja kila kitu kwa jina lake, kwa adabu, kama watu wazima.

1. Mama muuza samaki

Kwanza nataka mmfikirie mama mmoja muuza samaki. Simpi jina, kwa sababu mambo yake ni mambo ya watu wengi, wanawake kwa wanaume. Huenda mmoja wao amekaa karibu nawe sasa hivi.

Mama huyu huamka alfajiri ili awahi samaki pwani. Kabla hajafika kituo cha basi, tumbo linamkata, inambidi arudi nyumbani mbio kwenda chooni. Akiisha kupata choo, maumivu yanapungua. Siku nyingine anakaa siku tatu hapati choo kabisa, na jioni tumbo linajaa gesi mpaka kanga inambana. Amekaa na taabu hii miaka miwili. Haogopi kazi. Anaogopa safari ya basi, maana hajui choo kiko wapi njiani.

Amekwisha kunywa dawa ya amiba mara nne, na mara tatu kati ya hizo hakupimwa. Jirani mmoja alimwambia amerogwa. Wa pili alimwambia, "Dada, hiyo ni kansa." Wa tatu alimshauri ale pumba za ngano kila asubuhi, akala, na tumbo likazidi. Mwishowe aliacha maharagwe, akaacha mboga, akaacha matunda, akabaki na chai na mkate mweupe. Fedha zimekwenda, nguvu zimepungua, na hofu imebaki pale pale.

Somo letu la leo ni kwa ajili ya mama huyu. Tunataka kujua mambo matatu. Ugonjwa wake ni nini? Nyuzinyuzi zipi zitamfaa, na zipi zitamwongezea taabu? Na je, dawa za gesi zina kazi gani, na kazi gani haziziwezi?

2. Utumbo mwepesi wa kuchafuka

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana. Utumbo ni kama mpira mrefu wa maji, lakini mpira huu una misuli. Misuli hiyo hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, na hivyo chakula husukumwa mbele. Kazi hii huongozwa na mishipa ya fahamu, ambayo hupeleka habari kutoka utumbo kwenda ubongo, na kutoka ubongo kwenda utumbo. Ndiyo sababu mtu akiitwa mbele ya hakimu tumbo humvuruga, ingawa hakula kitu kibaya.

Kwa watu wengine mazungumzo haya kati ya utumbo na ubongo huharibika. Utumbo hukaza haraka mno, au polepole mno, na mishipa yake husikia kila kitu kwa nguvu kupita kiasi. Madaktari huuandika ugonjwa huu kwa herufi tatu: I, B, S. Sisi katika somo hili tutauita utumbo mwepesi wa kuchafuka. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba huwapata kama watu wazima 4 katika kila 100, na wanawake huwazidi wanaume kidogo.

Mtu atajuaje? Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana juu ya kipimo hiki. Mgonjwa ana maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3. Maumivu hayo yanafuatana na mambo mawili au zaidi kati ya haya matatu: kwanza, yanahusiana na kwenda choo, pili, mtu anakwenda choo mara nyingi kuliko kawaida yake, au mara chache, tatu, choo chenyewe kimebadilika, kimekuwa kigumu au majimaji. Tena taabu hiyo iwe ilianza miezi 6 iliyopita au zaidi.

Sasa sikilizeni sana. Ugonjwa huu ni wa kweli. Si wa kujifikiria tu, si uvivu, wala si uchawi. Lakini haulii utumbo, hauutoboi, wala haugeuki kuwa kansa. Na mwenye nao hamwambukizi mwenzake.

Mara nyingine huanza baada ya mtu kuharisha kwa sababu ya vijidudu. Katika watu 10 walioharisha namna hiyo, karibu mmoja hubaki na utumbo mwepesi wa kuchafuka, ingawa vijidudu vyenyewe vimekwisha kufa. Kwa hiyo kumeza dawa ya kuua vijidudu mara ya pili, ya tatu na ya nne, bila kupimwa, ni kupiga fimbo mahali alipopita nyoka. Nyoka hayupo tena, na wewe unachoka bure.

3. Kwanza tazama dalili za hatari

Ndugu msomaji, usikimbilie kujiita mgonjwa wa utumbo mwepesi wa kuchafuka kwa sababu umelisikia somo hili. Yako maradhi mengine yanayofanana nao, na baadhi yao huua. Kabla ya kununua kitu chochote dukani, jiulize kama unayo mojawapo ya dalili hizi:

Damu katika choo, au choo cheusi kama lami.
Kukonda bila wewe kutaka.
Homa inayorudi rudi.
Maumivu au kuharisha kunakokuamsha usingizini.
Kutapika mara kwa mara.
Upungufu wa damu.
Uvimbe unaoshikika tumboni.
Mzazi au ndugu wa tumbo moja amepata kansa ya utumbo.
Taabu yenyewe imeanza ukiwa umekwisha kupita miaka 50.

Ukiwa na hata moja tu, usianze na nyuzinyuzi wala dawa ya gesi. Nenda kwa daktari. Mama aliyepita miaka 50, ambaye tumbo lake limeanza kujaa karibu kila siku, naye aende, kwa sababu kansa ya mayai ya uzazi huweza kuanza hivyo hivyo. Na mtu ambaye tumbo lake limevimba ghafla, hapati choo, hatoi hata upepo, na anatapika, huyo asingoje kesho. Apelekwe hospitali leo hii.

Ambaye hana dalili hizo bado inafaa apimwe mara moja, choo na damu. Minyoo, amiba, kifua kikuu cha utumbo na virusi vya Ukimwi huweza kusumbua tumbo kwa muda mrefu. Mwulize daktari, "Nimepimwa nini, na majibu ni nini?" Sasa unajua kusoma. Karatasi ya majibu ni yako pia. Isome, iweke, na siku utakapokwenda mahali pengine ichukue, usije ukapimwa yale yale na kulipa mara mbili.

4. Nyuzinyuzi si za namna moja

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mimea ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuisaga. Hupita mpaka utumbo mpana. Zimo katika mboga, matunda, maharagwe, na maganda ya nafaka.

Habari hii ina historia iliyoanzia karibu nasi. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alifanya kazi Uganda miaka mingi, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenzake, daktari Hugh Trowell, alifanya kazi Kenya na Uganda. Waliona kwamba wanakijiji waliokula vyakula vya shambani, visivyokobolewa sana, walipata choo kingi na laini, na kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa machache kwao. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya jambo hilo. Fundisho lao lilienea, na watu wengi wa Ulaya wakaanza kula pumba za ngano, hata wagonjwa wa utumbo mwepesi wa kuchafuka.

Lakini mwaka 1994 madaktari wa Manchester, Uingereza, waliandika kwamba waliwauliza wagonjwa wao 100 wa ugonjwa huu habari za pumba. Wagonjwa 55 walijibu kwamba pumba ziliwazidishia taabu. Waliosema kwamba ziliwasaidia walikuwa 10 tu. Basi je, Burkitt alikosea? La. Nyuzinyuzi ni chakula kizuri kwa watu. Lakini kinachomfaa mtu mwenye utumbo mzima si lazima kimfae mwenye utumbo uliokwisha kuwa mwepesi wa kuchafuka. Tena nyuzinyuzi zenyewe ziko namna mbili.

Hapa, mwalimu, chukua zile bilauri mbili za maji. Katika moja tia kijiko cha pumba. Katika ya pili tia bamia zilizokatwa vipande vidogo. Koroga zote mbili, kisha ziacheni mpaka somo liishe. Mtaona pumba zimebaki kuwa pumba, zimelowa tu. Lakini maji ya bamia yamekuwa mazito na yanateleza, kama mlenda.

Namna ya kwanza, ile ya pumba, ni nyuzinyuzi ngumu. Haziyeyuki. Hupita zikikwaruza na kuusukuma utumbo. Utumbo wenye misuli mikali ukikwaruzwa hukasirika zaidi. Namna ya pili ni nyuzinyuzi laini. Hunywa maji na kuwa kama uji unaoteleza. Choo kilichokuwa kigumu kama cha mbuzi hulainika, na choo kilichokuwa majimaji hushikamana. Kwa hiyo dawa moja huweza kumfaa anayefunga choo na pia anayeharisha. Nyuzinyuzi laini zimo katika bamia, mlenda, karoti, machungwa, papai lililoiva, na shayiri ile ya uji wa Kizungu.

Iko pia nyuzinyuzi laini inayouzwa kama dawa. Ni maganda ya mbegu za mmea mmoja unaolimwa sana India, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Wahindi huiita isabgoli, na utaipata katika maduka ya dawa na katika baadhi ya maduka ya Wahindi. Kwenye boksi huandikwa jina moja kati ya haya. Andikeni daftarini, herufi kwa herufi: p-s-y-l-l-i-u-m, au i-s-p-a-g-h-u-l-a.

Je, inafaa kweli? Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi walitangaza majaribio ya wagonjwa 275. Waliwagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa gramu 10 za isabgoli kila siku, la pili gramu 10 za pumba, la tatu unga wa mchele ambao si dawa. Walifuatwa wiki 12. Katika mwezi wa kwanza waliopata nafuu ya kutosha walikuwa 57 katika kila 100 waliokunywa isabgoli, na 35 katika kila 100 waliopewa unga wa mchele. Wa pumba wengi waliacha njiani kwa sababu tumbo lilizidi. Mwaka 2021 vyama vya madaktari wa tumbo vya Uingereza na vya Marekani vilishauri hivyo hivyo: nyuzinyuzi laini ndizo za kujaribu, si pumba.

Tazameni hesabu ile tena. Katika watu 100, 57 walipata nafuu. Maana yake 43 hawakupata. Hii si dawa ya kila mtu, na muuzaji akikuambia inaponya wote, anakudanganya.

Namna ya kuitumia ni hii. Anza na kiasi kidogo, gramu 3 au 4 kwa siku. Soma kwenye boksi ujue kijiko kimoja kina gramu ngapi. Koroga katika bilauri nzima ya maji, kama robo lita, unywe mara moja kabla haijawa nzito, kisha ongeza maji mengine. Kaa wiki moja na kiasi hicho. Tumbo likitulia, ongeza kidogo wiki ya pili, na kidogo tena wiki ya tatu, wala usipite kiasi kilichoandikwa. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeanza na vijiko vitatu siku ya kwanza atajaa gesi, atalaani isabgoli, na atakuwa amepoteza fedha zake.

Msisahau makatazo. Usiimeze kavu, maana huvimba kooni na kumkaba mtu. Usiinywe unapokwenda kulala. Ambaye humeza chakula kwa shida, au aliyewahi kuziba utumbo, asiitumie bila daktari. Kama unatumia dawa nyingine, ziachane kwa saa mbili, zisije zikanaswa humo. Mwenye ugonjwa wa sukari amwambie daktari wake kwanza. Ukiitumia vizuri mwezi mmoja na usione tofauti yoyote, iache.

Mtauliza, "Na dona je?" Mwenye tumbo zima ale dona, ni chakula bora kuliko sembe. Mwenye utumbo mwepesi wa kuchafuka ajaribu ugali mdogo wa dona, atazame siku mbili tatu. Ukimkataa, ale sembe au wali, na nyuzinyuzi azitafute katika bamia na papai.

5. Gesi na dawa zake

Gesi hutoka wapi? Sehemu moja ni hewa tunayomeza tunapokula upesi, tunapokunywa soda, au tunapotafuna chingamu. Sehemu kubwa ya gesi ya chini hutengenezwa katika utumbo mpana. Humo wanaishi vijidudu vingi sana ambavyo ni wapangaji wetu wa siku zote. Chakula ambacho hatukukisaga hukifikia, nao hukichachusha, kama pombe ya kienyeji inavyochacha na kutoa mapovu.

Watu hudhani kwamba mgonjwa wa ugonjwa huu ana gesi nyingi mno. Mara nyingi sivyo. Mwaka 1973 daktari mmoja huko Uingereza alijaza hewa katika kipira kidogo ndani ya utumbo wa wagonjwa na wa watu wazima wa afya. Hewa ilikuwa kiasi kile kile, lakini wagonjwa waliosikia maumivu walikuwa wengi zaidi sana. Maana yake gesi ambayo jirani yako haisikii, wewe inakuuma. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu ndilo linalotuambia dawa ya gesi itafika wapi na itakwama wapi.

Dawa ya kwanza ni simetikoni. Kwenye boksi huandikwa s-i-m-e-t-h-i-c-o-n-e. Kazi yake ni kuvunja mapovu madogo madogo yaungane yawe povu kubwa, ili gesi itoke kwa urahisi kwa kucheua au kwa chini. Haiingii katika damu. Hutoka na choo kama ilivyoingia. Kwa hiyo watu wengi hawadhuriki nayo. Mtu mzima kwa kawaida hutumia miligramu 40 mpaka 125 baada ya chakula na wakati wa kulala, na kwa siku nzima isipite miligramu 500 bila shauri la daktari. Lakini haizuii gesi kutengenezwa, wala haitulizi mishipa inayosikia kupita kiasi. Wengine huwapa nafuu ya kujaa, wengine haiwasaidii kitu. Ijaribu siku chache. Isipofaa, fedha hiyo nunua papai.

Angalieni hapa. Simetikoni mara nyingi huchanganywa na dawa za kiungulia zilizo katika chupa. Soma jina la pili na la tatu. Ikiwamo magnesiamu, huweza kuharisha. Ikiwamo aluminiamu, huweza kufunga choo. Mtu anayeharisha akinunua chupa ya magnesiamu kwa sababu ya gesi, atajiongezea mbio za chooni, kisha atasema ugonjwa umezidi. Hapa ndipo kusoma kunapolipa.

Dawa ya pili ni kimeng'enya cha kusaga sukari ya maharagwe ambayo tumbo letu haliwezi kuisaga. Humezwa pamoja na tonge la kwanza. Huwafaa baadhi ya watu wanaosumbuliwa na maharagwe, kunde na dengu. Haikusudiwi kwa maziwa. Mwenye ugonjwa wa sukari aulize kwanza.

Dawa ya tatu ni mkaa wa dawa. Huu si mkaa wa jikoni. Msile mkaa wa jikoni. Mkaa wa dawa huweza kunasa dawa nyingine tumboni zisifanye kazi. Mtu anayetumia dawa za moyo, za kifafa, za kupunguza virusi vya Ukimwi, au vidonge vya uzazi wa mpango, asiuguse bila kumwuliza daktari.

Zipo pia njia zisizo na gharama. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Sukari inayoleta gesi hupungua. Kula polepole. Punguza soda. Kama maziwa mabichi yanakuchafua, yaache wiki mbili uone. Watu wazima wengi hawasagi sukari ya maziwa, na maziwa ya mgando huwa na sukari hiyo kidogo zaidi. Vitunguu vingi navyo huleta gesi. Lakini usiache vyote kwa pamoja kama yule mama. Anayeacha kila kitu hajui kilichomdhuru ni kipi, tena anakonda.

6. Daftari lako

Ndugu zangu, chombo kikubwa katika ugonjwa huu ni daftari. Chora safu nne. Ya kwanza, tarehe. Ya pili, nimekula nini na kunywa dawa gani. Ya tatu, choo: andika G kama kigumu, L kama laini, M kama majimaji. Ya nne, maumivu: andika namba kutoka 0 mpaka 10, 0 ni hakuna, 10 ni makali kabisa.

Andika wiki mbili kabla hujabadili kitu chochote. Kisha badilisha kitu kimoja tu. Labda isabgoli. Andika mwezi mmoja. Baada ya hapo, labda simetikoni. Ukianza vyote viwili siku moja na ukapona, hutajua umeponywa na nini, na utanunua vyote viwili maisha yako yote.

Turudi kwa mama muuza samaki. Tuseme amekwenda hospitali, amepimwa, hana damu katika choo, hakukonda ila kwa kuacha chakula. Afanye nini? Aache pumba. Aache dawa ya amiba asiyoandikiwa. Arudishe chakula kimoja kimoja: leo bamia, wiki ijayo papai, kisha maharagwe yaliyolowekwa, kidogo. Aanze isabgoli kwa kiasi kidogo na maji tele. Siku ya kujaa sana, simetikoni baada ya chakula. Na aandike. Huenda tumbo lisitulie kabisa. Ugonjwa huu huja na kuondoka. Lakini mtu anayejua kwamba haozi tumboni, na anayejua kitu gani kinamchafua, anaweza kupanda basi.

Kama baada ya miezi miwili au mitatu hakuna nafuu, asikate tamaa, wala asirudi kwa majirani. Amrudie daktari na daftari lake mkononi. Ziko dawa za kulegeza misuli ya utumbo na za kutuliza mishipa yake, na daktari atachagua vizuri zaidi akisoma safu zile nne kuliko akisikia, "Tumbo linanisumbua tu."

Na wewe ambaye tumbo lako ni zima, una kazi pia. Mwenzako akiomba basi lisimame, usimcheke. Akikueleza taabu yake, usimtajie kansa wala uchawi. Mwulize, "Umepimwa?" Neno hilo moja lina msaada kuliko yote aliyoambiwa yule mama.

Sasa zitazameni zile bilauri mbili, mkajibu maswali.

Maneno ya kukumbuka

Nyuzinyuzi: sehemu ya mimea ambayo tumbo haliisagi.
Isabgoli: maganda ya mbegu yanayonywa maji na kuteleza, nyuzinyuzi laini.
Simetikoni: dawa inayounganisha mapovu ya gesi.
Kimeng'enya: kitu kinachosaidia kusaga chakula.

Maswali ya darasa

1. Taja dalili tano ambazo mtu akiziona hapaswi kujitibu mwenyewe.
2. Bilauri ya bamia imekuwaje? Na ya pumba? Eleza tofauti hiyo ina maana gani kwa utumbo.
3. Kwa nini isabgoli isimezwe kavu?
4. Fundi mmoja anaharisha na ana gesi. Amenunua chupa ya dawa yenye simetikoni na magnesiamu. Mngemshauri nini?
5. Kwa nini inafaa kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja?
6. Kazi ya nyumbani: leta boksi au chupa tupu ya dawa yoyote. Soma mbele ya darasa jina la dawa, kiasi chake, na tarehe ya mwisho wa kutumika.